Mlango wa babu hapa Gongoni: niuuze au niuache?

Binti Gongoni
Habari za jioni wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Niko Tabora mjini, Gongoni, na kuna jambo linaninyima usingizi tangu Jumanne. Maelezo ni marefu, mnivumilie.

Tuna nyumba ya urithi. Ilikuwa ya babu mzaa baba, naye aliachiwa na baba yake. Kuta ni za udongo, nene hasa. Mtoto akikaa dirishani na kunyoosha miguu, vidole havitokezi nje. Zamani ilikuwa tembe, paa bapa la udongo. Baba ndiye aliyeezua akaweka bati. Naikumbuka mvua ya kwanza juu ya lile bati, bibi alitoka chumbani akiuliza nani anamwaga karanga. Mbele kuna baraza, katikati ua, vyumba saba vimeuzunguka. Vinavyokalika ni vinne: mimi, mama, mpwa wangu wa kidato cha pili, na mpangaji wa bodaboda ambaye kodi anailipa kidogo kidogo kama mchango wa harusi asiyoitaka.

Sasa mlango. Ni wa nakshi, mbawa mbili, na ule mti wa katikati, mfaa, umechongwa toka juu hadi chini. Kwenye miimo kuna mnyororo unaopanda pande zote mbili, na ubao wa juu una mawaridi na maandishi ya Kiarabu. Misumari ya shaba ilikuwa ishirini na minne, imebaki kumi na tisa. Mitano tuliing'oa sisi wenyewe utotoni. Bibi alikuwa akiupaka mafuta ya ufuta kila Shaaban ikielekea kuisha, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Toka afariki nimeupaka mara moja tu, tena kwa mafuta niliyokaangia migebuka, na paka wa mtaa mzima wakahamia barazani kwetu.

Jumanne kaja mtu na gari kutoka Dar. Kavaa vizuri, maneno laini. Kaupima mlango kwa futi kamba, kapiga picha, kagonga mbao kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti. Anatoa milioni moja na laki nane, na juu yake atatuwekea mlango wa chuma bure. Mpwa wangu, ambaye madrasa alihitimu, akamsomea tarakimu zilizoko juu: elfu moja mia tatu kumi na saba. Yule bwana akasema basi mlango wenu una miaka mia saba, mna bahati sana. Nikajiuliza, kitu cha miaka mia saba bei yake ndiyo ya pikipiki iliyokwisha tumika?

Kaka zangu wawili, mmoja Dar, mmoja Mwanza, wanasema uza. Wanasema nyumba yenyewe inaanguka. Na kweli, ukuta wa chumba cha mama, upande wa barabarani, umetoa kitambi. Plasta ya saruji tuliyopiga mwaka juzi inabanduka mapande mapande, na fundi aliyeipiga hapokei simu.

Nauliza: hiyo bei ni haki? Na kuuza mlango wa nyumba yenu mwenyewe kuna shida yoyote kisheria? Yule bwana anasema sheria ni ya majumba ya serikali, mali ya mtu binafsi haiguswi. Na ukuta, je, unatibika au nisijisumbue?

Biashara Kwanza
Dada uza. Ila usiuze kwa hiyo bei, mwambie milioni tatu, ukishuka sana iwe mbili na nusu. Pesa hiyo jenga ukuta wa tofali za kuchoma, mama alale salama. Historia haitiwi chumvi ikaliwa na ugali. Mlango wa chuma hauliwi na mchwa.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba binti. Kabla hujamjibu huyo mnunuzi, rudi kwenye ile tarakimu.

1317 si mwaka wa Miladia. Ni mwaka wa Hijria. Seremala aliyechonga mlango wenu alikuwa Mwislamu akihesabu kwa kalenda yake, kama walivyofanya maseremala wa Unguja na Lamu. Mwaka 1317 wa Hijria ulianza Mei 1899 ukaisha Aprili 1900. Kwa hiyo mlango una miaka mia moja na ishirini na kitu. Mtu anayezunguka nchi nzima akinunua milango ya nakshi hawezi kukosa kulijua hilo. Mia saba ilikuwa ya kukupumbaza uone unafanyiwa fadhila.

Fikiria ulikuwa wakati gani hapa kwetu. Malkia Victoria wa Uingereza bado yuko kitini, atafariki Januari 1901, lakini Tabora iko mkononi mwa Mjerumani. Mtemi Isike wa Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, ameshakufa, Januari 1893, alipojilipua kwa baruti ndani ya ngome yake asikamatwe. Reli haipo, itafika Tabora mwaka 1912. Kila kitu kutoka pwani kinapanda kichwani au begani kwa mpagazi, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na ushee. Sasa nyanyua bawa moja la mlango wenu utaniambia. Kama bibi alikusimulia kwamba mlango uliletwa na msafara kutoka Bagamoyo (bibi wote wa Tabora husimulia hivyo), mimi nasita. Muite seremala akwangue kidogo kwa nyuma, chini kabisa, mahali pasipoonekana. Akikuta mninga, basi ni mti wa kwetu huku, na aliyesafiri ni fundi na patasi zake. Akikuta msaji, ule ulioletwa na majahazi toka India, nitamwomba bibi radhi kaburini kwake.

Sheria. Hapo mnunuzi amekudanganya waziwazi. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa lenyewe. Lenu huenda halifiki huko. Lakini milango imetajwa peke yake: mlango wa mbao au fremu yake, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, ni kitu kinacholindwa. Sheria haiulizi kama nyumba ni ya serikali au ya Binti Gongoni. Kuvifanyia biashara vitu hivyo, au kuvitoa nje ya nchi, kunahitaji kibali. Muulize huyo bwana, kibali chake kiko wapi? Halafu utazame uso wake. Nawe nenda kwa afisa utamaduni wa manispaa, umwachie barua na picha, ubaki na nakala yenye mhuri.

Mwisho, kama hujawahi kufika Kwihara, nenda. Ni kama kilometa sita tu kutoka mjini. Tembe lililoko pale, walimokaa Stanley na Livingstone, ndilo picha ya nyumba ya baba wa babu yako kabla ya bati: kuta za udongo, paa bapa, ua katikati, mlango wa nakshi mbele. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alifikia Kwihara Juni 1871, akakwama kwa sababu ya vita vya Mtemi Mirambo wa Urambo. Agosti ile Mirambo aliuchoma mji wa Tabora, na moshi ulionekana kutoka Kwihara. Februari 1872 Stanley akarudi kutoka Ujiji pamoja na Livingstone. Machi 14 Stanley akaondoka kwenda pwani, na siku tano baadaye mzee Livingstone akatimiza miaka hamsini na tisa akiwa hana mwenzake wa kwao, anangoja wapagazi. Akangoja hadi mwishoni mwa Agosti. Miezi mitano! Mimi nikingoja treni saa tano tu nalalamika. Mei mosi alimaliza barua ya gazeti moja la New York kuhusu biashara ya watumwa, akaomba baraka za mbinguni zimshukie yeyote, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki, atakayesaidia kuliponya donda hilo la dunia. Mwaka mmoja kamili baadaye, Mei mosi 1873, akafa kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Maneno hayo ndiyo yaliyochongwa kwenye jiwe la kaburi lake London, Westminster. Yaliandikwa hapa, binti, palepale unapopita ukienda kununua uyoga.

Binti Gongoni
Mwalimu shikamoo tena. Nimesoma mara mbili, halafu nikamsomea mama. Mama kasema "nilijua yule mtu mwongo, alikataa kunywa chai."

Bawa la mlango tumejaribu kulinyanyua, mimi na mpangaji, kwa kulitoa kwenye tundu lake la chini. Hatukuweza. Tumeliinua kidole kimoja likarudi lenyewe, kuku wakakimbia. Kwa hiyo hadithi ya Bagamoyo naanza kuitilia shaka, ingawa nimemwomba mama asinisikie.

Kwihara nilipelekwa darasa la tano. Ninachokumbuka ni kwamba niliumwa na siafu na kwamba mwalimu alituambia tusiguse kitu. Nitaenda tena.

Ukuta je? Mvua si mbali. Leo nimegonga ile plasta, inatoa sauti kama mtungi mtupu.

Fundi Udongo
Dada hiyo sauti ndiyo ugonjwa wenyewe. Mimi ni fundi, niko barabara ya Sikonge, nimerithi kazi kwa baba ambaye alikuwa anatengeneza matembe.

Saruji na udongo haviivani. Ukuta wa udongo unanyonya maji kutoka chini na kutoka kwenye mvua, kisha unayapumua kupitia uso wake, jua likitoka yanakauka. Ukiupaka saruji umeuziba pua. Maji yanaingia kupitia nyufa, kutoka hayawezi, yanajaa nyuma ya plasta, udongo unageuka uji, unashuka chini, hapo ndipo kitambi kinapotoka. Ukuta wenyewe hauna kosa. Umesimama miaka mia na zaidi bila saruji, mkauua kwa miaka miwili.

Kwanza, mama ahamishwe chumba hicho leo, si kesho. Pili, egemeza ukuta kwa miti miwili au mitatu kutoka nje, na kitako cha kila mti kiwe juu ya ubao, kisizame. Tatu, banua saruji yote, kwa patasi na taratibu. Usipige nyundo kwa hasira hata kama unamfikiria yule fundi. Acha ukuta ukauke wiki tatu, nne. Bado tuko Septemba, una nafasi, lakini si kubwa. Mvua za Novemba hazina subira.

Palipotoa kitambi pavunjwe kipande kwa kipande kuanzia juu, pajengwe upya kwa tofali za udongo mabichi yaliyokauka vizuri, na udongo uwe wa hapohapo uliovunjwa. Huyo ndugu anayekushauri tofali za kuchoma na saruji simlaumu, ila ukuta mgumu ukiubandika kwenye laini, mvua ya pili tu vinaachana. Plasta iwe ya udongo na nyasi zilizokatwakatwa, uloweke siku kadhaa mpaka unuke, ukinuka ndiyo umeiva. Juu yake chokaa: iloweke kwenye pipa la maji wiki mbili au zaidi, kisha sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Watoto wakae mbali na lile pipa, chokaa inaunguza macho.

Lakini yote hayo ni bure kama hujajua maji yanatoka wapi. Swali langu: barabara hapo mbele ilipoinuliwa, je, iko juu kuliko baraza lenu? Na bati lina mfereji?

Nikuambie kitu kuhusu tembe, maana watu wanalidharau. Paa lake ni boriti, juu fito, juu matawi na nyasi, juu udongo wa kichuguu uliofinyangwa na kushindiliwa, na mwinamo kidogo sana ili maji yaende kwenye mdomo wa kutolea. Kila mwaka kabla ya mvua unapanda juu, unaziba nyufa, unapaka tena. Ukiruka mwaka mmoja, linavuja. Ukiruka miwili, boriti zinaoza. Ukiruka mitatu, huna paa. Baba alikuwa anasema tembe ni kama mke wa ujana, ukimsahau anakukumbusha saa nane usiku. Bati lilipokuja watu wakafurahi kwa sababu halidai kupakwa. Ila bati linamwaga maji yote mahali pamoja, chini ya ukuta. Tembe lilikuwa linayatema mbali.

Mwisho wa Reli
Nawasalimu kutoka Kigoma. Nyie Tabora mna mlango mmoja mnalia, sisi huku tuna nyumba nzima ya Kaiser, ile ya Wajerumani. Watu husema ilijengwa ili Mfalme Wilhelm akija aone ziwa. Hakuja. Reli ilifika Kigoma Februari 1914, vita ikaanza mwaka huohuo, na Julai 1916 Wabelgiji wakaingia mjini. Leo nyumba imesimama imara, nayo sababu si kwamba Mjerumani alijenga vizuri sana. Ni kwamba serikali imeitumia muda wote huo: kila utawala umeweka mtu ndani, na mtu akiwa ndani bati likivuja atapiga kelele.

Ukija Ujiji kule kwa Livingstone, nyumba aliyokaa haipo. Kuna mnara na miembe. Kwa hiyo Kwihara yenu msiichezee, sisi tumebaki na mwembe.

Halafu dada migebuka umeitoa wapi Tabora? Hiyo ni yetu. Tunadai.

Biashara Kwanza
Naona mimi ndiye mbaya humu. Sawa. Lakini mwalimu, umesimulia barua ya Livingstone vizuri sana, mbona hukusema aliiandikia ndani ya nyumba ya nani? Yale matembe yalijengwa na Waarabu kwa faida ya pembe na watu. Milango ya nakshi ilikuwa kujionyesha: mimi ni tajiri, tazama. Na utajiri ulipita hapo kwenye minyororo. Tunalinda nini hasa?

Mwalimu Mstaafu
Umeuliza vizuri, na hoja yako ni ya kweli. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya zamani, Novemba 1857, waliowapokea walikuwa wafanyabiashara Waarabu, na biashara yao unaijua. Livingstone mwenyewe alikula chakula chao huku akiandika dhidi yao. Hakuwa na njia nyingine na aliona aibu hiyo.

Lakini nyumba ile haikukaliwa na matajiri tu. Halima alikuwa mpishi wa Livingstone. Ndiye aliyehangaika na sahani siku Stanley alipotokea Ujiji, na alikuwa kwenye msafara hadi mwisho. Oktoba 1873 watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliufikisha mwili wa mzee hapahapa Unyanyembe, wamepita nao miezi kwenye mabwawa na vita. Luteni Cameron wa Uingereza, ambaye alikuwa amefikia hapa, akawashauri wamzike palepale. Wakakataa. Wakaendelea nao hadi pwani, na Aprili 18, 1874 akazikwa London. Waliokataa hawakuwa Waingereza.

Mjerumani naye hakuufuta utumwa. Ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Mlango wa huyu binti ulipochongwa, 1899 au 1900, utumwa ulikuwa halali. Kwa hiyo simwambii autunze mlango kwa sababu ni mzuri. Naona ni ushahidi, na ushahidi hauuzwi kwa mtu wa gari.

Binti Gongoni
Nilitaka kujibu jana nikashindwa.

Nyuma ya ua wetu kuna chumba cha saba. Hakina dirisha. Sisi tunakiita stoo, tunaweka mkaa na pampu ya baiskeli iliyoharibika. Mama yake bibi yangu alitoka Manyema, kule Kongo. Hilo tunalijua wote, tunalisema kwa kujidai kidogo, sisi tuna damu ya Manyema. Lakini siku moja, nikiwa na miaka kama kumi, nilimuuliza bibi mama yake alifikaje Tabora, alikuja na nani. Bibi hakunijibu. Akanituma nikachote maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Leo asubuhi nimesimama pale mlangoni na ule mnyororo wa kuchongwa nikauona tofauti. Mwalimu usiniambie ni pambo tu, najua ni pambo, milango yote ya pwani inao. Nimeuona tu. Nikajiuliza yeye alipita mlango huu au alipitia nyuma.

Haya, na habari nyingine. Nimempigia kaka wa Dar kumwambia kuhusu sheria. Kimya. Nikamwambia tena. Ndipo akasema yule bwana ameshampa kishika uchumba, laki tano, wiki iliyopita, kabla hata hajaja kwetu! Ndiyo maana alikuja na futi kamba moja kwa moja. Kaka kaziingiza kwenye ada ya mtoto. Sikumtukana, ila nimemuuliza kama mirathi imeshafunguliwa mahakamani, na kama amewahi kuteuliwa msimamizi. Anajua jibu. Mali ni ya wote, hakuna mmoja wetu mwenye haki ya kupokea hata senti.

Kaka wa Mwanza, huyo nilimtumia picha ya ukuta na picha ya mama amelala chumba changu. Ametuma laki na nusu. Kasema ni ya chokaa, si ya mlango.

Biashara Kwanza
Pole dada. Laki tano mrudishieni kwa maandishi, na shahidi. Mpigieni mwenyekiti wa mtaa akae hapo. Watu wa namna hiyo hurudi usiku na lori, na mlango wa nakshi hutoka kwa nusu saa ukiwa na watu sita.

Mwalimu Mstaafu
Hilo nakubaliana nalo kabisa. Na picha zipigwe leo: mbele, nyuma, ubao wa juu kwa karibu, kila msumari. Kitu kilichopigwa picha na kuandikiwa barua ni kigumu kukiuza.

Fundi Udongo
Dada hukunijibu kuhusu barabara.

Binti Gongoni
Samahani fundi. Barabara iko juu kuliko baraza, kiganja kizima. Mvua ikinyesha maji yanakuja kwetu kama wageni wa harusi. Na bati halina mfereji.

Fundi Udongo
Nilijua. Basi tunaanza na mtaro mbele ya baraza, ukuta baadaye. Mfereji wa bati utafungwa upande wa chumba cha mama kwanza, hata kama ni nusu ya nyumba. Nunua chokaa sasa ianze kulowa. Seremala wangu nitakuja naye, auangalie ule mti nyuma ya mlango.

Binti Gongoni
Mrejesho. Barua imepokelewa manispaa, ina mhuri, nakala iko chini ya godoro la mama. Mwenyekiti wa mtaa alikuja akakaa barazani saa moja nzima, akala karanga zetu zote, akaahidi kuwaambia sungusungu. Laki tano bado haijarudishwa. Nina madumu manne ya asali ya Sikonge, mawili nimeyapangia kazi hiyo na kaka atamalizia. Ameomba msamaha kwa mama, si kwangu, nami nimeupokea kwa njia hiyohiyo.

Jana nimeenda Kwihara na mpwa wangu kwa bodaboda ya mpangaji, tumemkata kwenye kodi. Mpwa alienda moja kwa moja mlangoni kutafuta tarakimu. Mimi nilienda uani, nikasimama nikahesabu vyumba, nikatafuta chenye kufanana na stoo yetu. Siafu hawakuniuma safari hii.

Seremala amekwangua. Ni mninga. Mwalimu umeshinda, na mama amekasirika.

Fundi, chokaa ipo kwenye pipa tangu Jumatano, mifuko minne, nimeifunika kwa bati na jiwe juu. Jumapili njoo mapema kabla jua halijawa kali. Chai ipo na matobolwa. Na Mwisho wa Reli, migebuka niliinunua stesheni, kwa abiria wa treni yenu, nililipa.